Miaka 20 ni Kauri: Guangzhou na Zawadi za Jubilei ya Ndoa

Mama aliinua sahani kwa vidole vitatu, akaigonga ukingoni kwa ukucha, akatega sikio. Ikalia mlio mwembamba, uliochukua muda kutulia. Akaiweka kando. Akachukua ya pili, akaigonga. Hiyo ikatoa sauti butu, kama kigae. Akamrudishia muuzaji bila neno. Ameuza vyombo Kariakoo kwa miaka mingi, na mtihani huo hauhitaji mkalimani: kauri nzima iliyoiva sawasawa huimba, yenye ufa husema yenyewe hata kama jicho halijauona.

Tulikuwa Barabara ya Yide, Guangzhou, kusini mwa China. Ni mtaa wa bei ya jumla ambao mtu akitaka kitu cha sherehe hakikosi: mapambo, maua ya plastiki, vikombe, karatasi za kufungia zawadi, na mbele kidogo maduka ya samaki wakavu yanayonukia mpaka barabarani. Mzigo wake wa duka ulikwisha kufungwa kwa ajili ya kontena. Alichokitafuta siku ile kilikuwa cha familia. Kaka yake na wifi yake wanatimiza miaka 20 ya ndoa, kamati imekaa, michango imepita, na yeye kwa kuwa yuko China ndiye aliyekabidhiwa zawadi. Kamati ilikwisha pitisha saa kubwa ya ukutani yenye picha ya maharusi.

Muuzaji wa saa alipooneshwa ile picha na kuambiwa ni zawadi ya ndoa, alitikisa kichwa. Saa anauza, lakini si kwa shughuli hiyo. Kwa Kichina, maneno ya kumpa mtu saa, song zhong, hutamkwa sawasawa na maneno ya kumsindikiza mtu katika pumzi zake za mwisho. Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukatoka.

Simu kutoka Dar es Salaam ilipoita, sahani kumi zilizofaulu mtihani zilikuwa tayari mezani.

"Dada shikamoo. Kamati inauliza, saa imepatikana?"

"Marahaba mdogo wangu. Mwambie mwenyekiti saa nimeiacha. Nanunua vyombo. Miaka 20 ni kauri."

"Nani kasema?"

Swali hilo ni la haki, na wengi wetu tunaochangia jubilei kila mwaka hatujawahi kuliuliza. Nani alisema miaka 25 ni fedha na 50 ni dhahabu? Na sisi wa Afrika Mashariki tunaonunua zawadi hizo kwa makontena katika mji huu, tunamfuata nani?

ORODHA ILIYOANDIKWA SOKONI

Mzizi wa desturi hii uko Ulaya, hasa katika nchi za Kijerumani. Huko mke aliyetimiza miaka 25 katika ndoa alivikwa shada la fedha, na aliyefika 50 akavikwa la dhahabu. Ilikuwa heshima ya majirani kwa watu wawili waliovumiliana, na katika zama ambazo maradhi yaliua watu mapema, kufika 25 pekee ilikuwa neema. Almasi awali ilikuwa ya miaka 75. Ikashuka hadi 60 baada ya mwaka 1897, Malkia Victoria wa Uingereza alipoadhimisha miaka 60 katika kiti cha enzi na sherehe ile ikaitwa jubilei ya almasi.

Mwaka 1922, mwandishi wa Marekani Emily Post alichapisha kitabu chake maarufu cha adabu. Humo aliorodhesha maadhimisho manane tu: mwaka wa kwanza karatasi, wa 5 mbao, wa 10 bati, wa 15 bilauri, wa 20 kauri, wa 25 fedha, wa 50 dhahabu na wa 75 almasi. Miaka 15 baadaye, mwaka 1937, chama cha wauza vito wa Marekani kilitoa orodha ndefu zaidi iliyojaza mapengo. Ndipo lulu ya miaka 30 na yakuti ya miaka 40 zilipokaa imara katika vichwa vya watu.

Kwa hiyo jibu la "nani kasema" ni jepesi. Shada walilianzisha majirani, orodha wakaikamilisha wauzaji. Haikutoka msahafuni wala katika Biblia, na si mila ya babu yeyote wa kwetu. Hilo haliifanyi kuwa mbaya. Linatupa tu haki ya kuchagua tunachokitaka na kuacha tusichokihitaji.

Tena orodha yenyewe ina mkono wa kwetu ndani yake. Mwaka wa 24 wauza vito wameupa tanzanaiti, jiwe lililotambuliwa mwaka 1967 na linalochimbwa mahali pamoja tu duniani, Mererani, mkoani Manyara. Na mojawapo ya zawadi za ndoa zilizotajwa sana katika karne iliyopita ilitoka Mwadui, Shinyanga: almasi ya waridi ambayo John Williamson, mwenye mgodi, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Elizabeth na mumewe Philip waliishi na ndoa hiyo miaka 73, wakakipita hata kituo cha almasi cha miaka 60.

KAURI ILITUTANGULIA

Kati ya vituo vya orodha, mwaka wa 20 ndio unaoigusa Guangzhou moja kwa moja, na unaigusa pwani yetu kwa kina kuliko wengi wanavyojua.

Anza na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, kauri ni ule udongo mweupe wa vikombe na sahani, na kauri hiyo hiyo ni simbi, kombe dogo la baharini linalong'aa. Waitaliano nao walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana lilikuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la vyombo vya Kichina. Mataifa mawili yaliyo mbali, jicho moja. Wote walipouona ule weupe unaoteleza, walikumbuka kitu kilichotoka baharini.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kitabu cha safari zake kinasimulia kwamba miaka kadhaa baadaye alifika mji wa kusini mwa China alioutaja kwa jina la Sin Kalan, ambao ndio Guangzhou hii. Kilichomshangaza ni soko la wafinyanzi, lililosafirisha kauri kwenda sehemu nyingine za China, India na Yemeni. Kutoka Yemeni hadi kwetu ni pepo za kaskazi tu. Nenda Kilwa Kisiwani, utazame juu ndani ya kuba za misikiti ya zamani: mafundi walipachika bakuli za kung'aa za kutoka ng'ambo zitazame chini kama nyota. Nenda Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye makaburi ya karne ya 18: sahani za Kichina ziliwekwa kwenye nguzo za waliolala pale. Nyingi zimekwisha ng'olewa, na mashimo ya duara yamebaki yakionesha zilipokaa.

Lakini mahali kauri ilipokutana na ndoa ni Lamu. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, na ndani ya vishubaka mliwekwa kauri kutoka China. Mbele ya ukuta huo ndipo bibi harusi alipooneshwa kwa wageni. Baadhi ya watafiti walioandika juu ya nyumba hizo wameeleza kwamba kauri zile zilihesabiwa pia kuwa kinga ya husuda. Kulikuwa na sababu nyingine ya kuzipenda. Uislamu umekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, basi familia yenye uwezo ilionesha hadhi yake mezani kwa kauri.

Ukiliangalia hivyo, mama wa Kariakoo hakuwa akiiga Wazungu alipoigonga ile sahani. Zaidi ya karne moja kabla ya kitabu cha mwaka 1922, kauri ya China ilikwisha kuwa chombo cha heshima cha ndoa upande wetu wa bahari.

SAHANI ZENYE MAJINA YA WATU

Guangzhou ina kauri yake yenyewe, iitwayo guangcai. Sahani nyeupe zililetwa kutoka Jingdezhen, mji wa tanuri maarufu ulioko mkoa wa Jiangxi, zikapakwa rangi hapa na mafundi wa mjini, nyekundu, kijani na dhahabu, kisha zikachomwa tena kwa moto wa chini ili rangi ishike. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842 Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China ambako meli za nchi za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara, na mafundi hao wakafanya kazi kwa oda. Familia za Uingereza na Uholanzi zilituma michoro ya nembo zao. Mara nyingi oda ilikuwa ya ndoa: nembo ya ukoo wa bwana na ya ukoo wa bibi zikichorwa pamoja katikati ya sahani. Meli iende, irudi, ilikuwa kungoja mwaka na zaidi.

Leo katika Barabara ya Yide kijana anakaa na kompyuta na mashine ya joto. Unampa picha ya harusi, anaichapa kwenye kikombe au sahani ya ukutani, unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Kazi ni ile ile, kuoanisha majina mawili juu ya kauri. Kilichopungua ni mkono. Guangcai ya kuchorwa kwa brashi bado ipo. China iliitia mwaka 2008 katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ukiiweka pembeni ya kikombe cha mashine unaona tofauti papo hapo: mstari wa brashi hunenepa na kukonda, na dhahabu yake ina kina. Ghali ni kweli. Ila kamati inayoweza kukodi ukumbi, MC na wapiga picha wawili inaweza pia kuimudu sahani moja iliyochorwa na binadamu.

WENYEJI NAO WANAHESABU

Wachina wa zamani hawakuwa na orodha hii. Wameipokea kama tulivyoipokea sisi, na wameitafsiri yote. Cihun ni ndoa ya kauri, yinhun ya fedha, jinhun ya dhahabu. Mwaka 2007 televisheni za China zilionesha tamthilia iitwayo Jinhun, kisa cha mume na mke kwa miaka 50, sehemu 50, kila sehemu mwaka mmoja wa ndoa. Watanzania wanaojua utamu wa tamthilia za nchi hii wataelewa kwa nini ilipendwa. Ni sisi tulioketi mbele ya TBC mwaka 2011 tukifuatilia tamthilia nyingine ya Kichina, ya Mao Doudou na vituko vya mama wakwe, kwa Kiswahili, mpaka Rais Xi Jinping akaitaja hiyo ya Doudou katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013.

Kwa watu wa Guangzhou zawadi nzito ya ndoa ni dhahabu yenyewe. Bibi harusi huvikwa bangili pana zenye dragoni na finiksi, jozi baada ya jozi kutoka kwa mama, shangazi na wakwe. Mwanamke wa Mombasa au Unguja akiziona hahitaji maelezo, kwani naye anajua uzito wa seti na maana ya mkono usiokuwa mtupu.

Anachohitaji kuelezwa ni miiko, maana mfanyabiashara wa kwetu mwenye marafiki Wachina huja siku akaalikwa. Saa tumekwisha kuiona. Mwavuli nao haupewi, kwa kuwa jina lake, san, linakaribia neno la kutawanyika. Wanandoa hawagawani pea moja, kwa kuwa kugawana pea, fen li, kunasikika kama kutengana. Hesabu ya 4 inaepukwa kwa sababu inafanana na neno la kifo. Tisa inapendwa, maana jiu ni tisa na jiu ni kudumu. Hata tarehe 20 Mei imekuwa siku ya wapendanao, kwa kuwa tano, mbili, sifuri kwa Kichina zikisomwa haraka zinakaribia kusema nakupenda.

MWAKA WA KUACHWA

Kuna mwaka mmoja katika orodha ambao Mwafrika Mashariki hapaswi kuufuata. Mwaka wa 14, kwa desturi ile ya Magharibi, ni pembe za ndovu.

Guangzhou ilikuwa makao makuu ya uchongaji wa pembe. Mafundi wake walichonga mpira ndani ya mpira ndani ya mpira kutoka kipande kimoja, kila mmoja ukizunguka peke yake. Hakuna awezaye kuukana ustadi huo. Lakini pembe zilitoka kwetu. Zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo na Zanzibar katika zama za misafara, na baadaye zilisafirishwa kwa siri ndani ya makontena kama haya haya tunayoyajaza vyombo. Kenya ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 tarehe 30 Aprili 2016 mjini Nairobi ili dunia iuone msimamo wake. China nayo ilifunga biashara halali ya pembe ndani ya nchi mwishoni mwa mwaka 2017. Mwaka wa 14 mpe mwenzako kitenge, kiti au safari ya Mikumi mkawaone ndovu wakiwa hai. Pembe, hata ikiwa kishaufu kidogo, tusiiguse.

NDOA KATI YA VIWANJA VIWILI VYA NDEGE

Katikati ya maduka ya Yide limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe, kwa sababu limejengwa lote kwa mawe ya matale kuanzia mwaka 1863 hadi 1888. Jumapili utawakuta Waafrika wengi humo katika misa ya Kiingereza. Mwendo mfupi kutoka hapo uko Msikiti wa Huaisheng na mnara wake wa kale, na karibu na Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, uko msikiti wa Xianxian, unaofurika kila Ijumaa.

Katika nyumba hizo za ibada unaiona ndoa ya biashara ya China ilivyo. Mume yuko hapa anafuata mzigo, mke yuko Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo anauza. Au mke ndiye anayepanda ndege, na mume ndiye anayepokea kontena bandarini. Maonesho makubwa ya biashara ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika kila Aprili na kila Oktoba, na tarehe ya ndoa haiulizwi na mtu. Wengi hutimiza mwaka wa ndoa huku mmoja akiwa mbali na mwenzake kwa saa tano za majira. Hapa saa 11 jioni, kule saa 6 mchana na duka limejaa wateja.

Nyumbani, Wakristo wana njia yao iliyotulia: misa au ibada ya shukrani, kurudia ahadi za ndoa mbele ya watoto na wajukuu, kisha ukumbini, sare, keki na kutunza. Kwa Waislamu wa pwani maadhimisho haya hayana mizizi, na wapo masheikh wasioyapenda kabisa. Familia nyingi huridhika na dua na sadaka, na mume anayejali humletea mkewe doti za kanga na dhahabu bila kungoja tarehe. Anayemnunulia mume Mwislamu akumbuke kwamba dhahabu na hariri si mavazi yake. Pete ya fedha inatosha na inapendeza.

Njia zote mbili ni njema. Ninachokipinga ni zawadi isiyomjua mtu. Nimehudhuria jubilei ambako wazee wa miaka 50 katika ndoa walipewa ngao ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na rangi ikawabaki mikononi. Bibi aliipangusa kwenye kanga yake kimya kimya. Watu wawili wamezika watoto, wamejenga, wamesomesha, wamesameheana mambo ambayo hakuna anayeyajua. Kuwapa kitu kisichofika Krismasi ni kuidharau hesabu yao.

FUNDI WA KUSHONA KAURI

China ilikuwa na mafundi waliopita mitaani wakishona vyombo vilivyovunjika. Fundi aliunganisha vipande, akatoboa vitundu pembeni mwa ufa, akavibana kwa vikwasi vya chuma mpaka bakuli likashika maji tena. Kauri ni ngumu, keekee ya kawaida haiingii, hivyo ncha ya keekee yake ilikuwa almasi. Wachina wana methali kwamba asiye na keekee ya almasi asipokee kazi ya kauri.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Jiwe la miaka 60 ndilo lililokuwa likishona chombo cha miaka 20. Na sisi tunasema vyombo kabatini havikosi kugongana. Ndoa iliyofika 20 bila ufa sijaiona. Nilizoziona ni zile zilizoshonwa, na waliozishona mara nyingi ni wazee waliokwisha pita njia hiyo.

Mama alilipia seti ya watu kumi na wawili, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Alisimamia ufungaji mwenyewe, sahani moja moja katika karatasi, kisha sponji, kisha boksi mbili, moja ndani ya nyingine. Nilimuuliza kwa nini kumi na mbili, wakati kaka yake ana watoto watatu. Alisema wifi yake ndiye anayepika kila ukoo unapokutana, na kwa miaka 20 sahani zake zimekuwa za kuokoteza, kila moja na rangi yake. Kamati haikulijua hilo. Yeye alilijua.

Basi jubilei ijayo, kabla kamati haijapitisha zawadi na kabla hamjamtumia pesa ndugu yenu aliyeko Guangzhou, muulizeni mtu mmoja anayeingia jikoni kwa hao wenye ndoa: wanakula na nani, wanatumia nini kila siku, wamekosa nini miaka yote hiyo. Mkishapata jibu, ndipo mtazame kama mwaka wao ni wa kauri, wa fedha au wa dhahabu. Nanyi mtakaopewa kauri, msiifungie kabatini kungoja wageni. Iwekeni mezani leo, mle.